Mwacha Mila ni Mtumwa: Mila Ipi, ya Mwaka Gani?

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Nimeifundisha methali hii kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule za sekondari. Niliwaeleza wanafunzi maana yake ya nje na ya ndani, nao wakaipamba kwayo mitihani yao na kupata alama. Leo, ndugu msomaji, nimestaafu na chaki nimeiweka chini, nami nataka kuiuliza methali hiyo maswali mawili ambayo sikuthubutu kuyauliza mbele ya ubao: mila ipi, na ya mwaka gani?

Kilichonisukuma kuuliza ni daftari moja la kurasa arobaini na nane ambalo nimelihifadhi hadi leo. Mwaka 1994 alifariki kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, katika kijiji kimoja cha Shinyanga. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kikao chini ya mti. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu ya mwandiko tu. Ilisemekana kwamba mwandiko wa mwalimu husomeka hata mahakamani. Baba mdogo alisema, nami nikaandika. Ng'ombe watasimamiwa na mdogo wa marehemu. Nyumba na shamba ni vya mtoto wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, chini ya uangalizi wa huyo huyo mdogo wa marehemu. Shemeji yangu alikuwa ameketi mbali kidogo pamoja na wanawake wenzake, miguu ameinyosha, kanga ameifunika kichwani. Mzee mmoja alipouliza habari ya fungu lake, baba mdogo alijibu kwa sentensi moja: fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza wao. Kisha akafunga kwa methali yetu. Nikaandika vyote viwili, sentensi na methali, nikapiga mstari chini yake, na wazee wakaweka dole gumba.

Miaka mingi baadaye nililisoma Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ambalo ndilo lililotangaza sheria ya mila kuhusu urithi na wosia kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kanuni ya 27 katika tangazo hilo inaeleza kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Niliisoma mara tatu. Baba mdogo hakujua kusoma wala kuandika. Maneno ya Gazeti la Serikali yalifikaje kinywani mwake, tena yakiwa yamevaa vazi la usia wa mababu?

Kalamu ya mwaka 1963

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza tukubali kwamba Usukuma haukuwa na mila moja iliyosimama kama jiwe tangu Mungu alipoumba ulimwengu. Ulikuwa nchi ya watemi wengi, kila mmoja na himaya yake, na desturi zilitofautiana kutoka himaya hadi himaya. Palikuwa na ndoa zilizofungwa kwa mahari ya ng'ombe, na palikuwa na ndoa zisizo na mahari. Katika hizi za pili watoto walihesabiwa upande wa mama yao. Mume alipokufa, swali la nani ni wa nani lilijibiwa kwa kuangalia ndoa ilivyofungwa, ng'ombe walivyotolewa, na watu walivyoishi pamoja.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi wa Kisukuma wakiambiwa leo hushangaa. Zamani mtemi hakurithiwa na mwanawe, bali alirithiwa na mtoto wa dada yake. Utemi ulipita kwa tumbo la mwanamke, kwa kuwa damu ya upande huo haikuwa na shaka. Utaratibu huo ulibadilika katika karne ya ishirini, wakati wa utawala wa kikoloni, utemi ukaanza kupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Basi niwaulize wanaoapa kwa mila: mtemi wa kwanza aliyemrithisha mwanawe, je, aliacha mila akawa mtumwa? Hakuna aliyemwita mtumwa. Mila ilibadilishwa pale ilipowafaa wenye kiti, na baada ya kizazi kimoja badiliko lile nalo likaitwa mila.

Wakati wa Waingereza alikuwapo mtu aliyeitwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika. Alizunguka katika nchi za maziwa akikusanya desturi, na mwaka 1953 kikatoka kitabu chake kuhusu sheria na mila za Wasukuma. Alikuwa mtu wa bidii, wala simlaumu kwa kuandika. Lakini kila aliyewahi kuitisha mkutano kijijini anajua nani huketi mbele na nani huleta uji. Waliokuwa wakisemea mila mbele ya serikali walikuwa watemi, wanangwa na wazee wa mabaraza. Mtu akiulizwa mpaka wa shamba lake na jirani hayupo, atauonyesha wapi?

Baada ya Uhuru, serikali yetu wenyewe ikaendeleza kazi ya kuoanisha sheria za mila. Nia yake haikuwa mbaya. Taifa lilikuwa changa, makabila yalikuwa zaidi ya mia, na viongozi walitaka Mnyamwezi na Mhaya wahukumiwe kwa kanuni zinazofanana. Cory alifariki mwaka 1962, kabla kazi haijatangazwa. Mwaka 1963 mambo matatu yakatokea pamoja. Madaraka ya watemi yalifutwa kwa sheria. Mahakama za mwanzo ziliwekwa kwa sheria mpya ya mahakama. Na mila ya urithi ikatangazwa katika Gazeti la Serikali kwa kanuni zenye namba: warithi wakapangwa katika madaraja matatu, la kwanza mwana mkubwa wa kiume wa nyumba kubwa, la pili wana wengine wa kiume, la tatu mabinti, mwanamke akaruhusiwa kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuwa na haki ya kuiuza, na mjane akapewa ile sentensi ambayo mimi niliiandika chini ya mti.

Hapa ndipo njia ya maneno yale inapoonekana. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliamua kwa tangazo. Wazee washauri waliokaa naye walisikia, wakarudi vijijini, wakasimulia. Kesi moja ikawa mfano wa kesi ya pili. Miaka thelathini ikapita, na mtu asiyejua kusoma akainuka katika kikao na kutamka kanuni yenye namba kama wosia wa babu wa babu yake. Hakusema uongo, ndivyo alivyosikia tangu ujanani. Lakini mila aliyoitaja ilikuwa na tarehe, nayo ilikuwa changa kuliko yeye mwenyewe.

Nami nilikuwa na kosa kubwa kuliko lake, kwa maana nilikuwa nimesoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mwanamke aliyefiwa na mume ana uhuru wa kuishi anapotaka, na wa kuolewa tena na mtu amtakaye au kutoolewa, hata kama mila inasema vinginevyo. Katika kikao kile shemeji alitakiwa arithiwe na mdogo wa marehemu. Alikataa. Sikufungua kinywa kusema kwamba sheria ya nchi ilikuwa upande wake. Sarufi niliyokuwa nikiifundisha kila Jumatatu ilikuwa mbele ya macho yangu: mwanamume hurithi, kauli ya kutenda, mjane hurithiwa, kauli ya kutendwa. Alipokataa kutendwa, hapakuwa na kauli nyingine iliyobaki kwa ajili yake. Baada ya miezi mitatu aliondoka na mabinti wawili. Kijana alibaki na ng'ombe.

"Watuhumiwa wa nini, Mwalimu?"

Sasa nigeukie somo jingine nililolifundisha bila kulielewa. Kila mwalimu wa Uraia nchini amewahi kueleza maana ya uwajibikaji kwa kutumia mfano wa mwezi Januari 1977. Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu watu waliokamatwa na vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa na baadhi yao wakafa wakiwa mahabusu. Peter Siyovelwa, aliyekuwa Waziri wa Nchi, alijiuzulu pia. Hawakupiga mtu kwa mikono yao, lakini walibeba dhamana. Ni mfano mzuri, nami sitaki kuupunguzia heshima yake.

Siku moja msichana wa Kidato cha Pili aliinua mkono akauliza, "Walikuwa watuhumiwa wa nini, Mwalimu?" Nikamjibu kama kitabu kilivyojibu: watuhumiwa wa mauaji. "Waliuawa akina nani?" Kengele ikalia, na kusema kweli nilishukuru.

Jibu lilikuwa hili: watu walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Operesheni iliyowaangusha mawaziri ilianzishwa ili kuyakomesha mauaji hayo. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 walipoteza maisha Tanzania Bara katika matukio yanayohusishwa na uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa Usukumani, yaani Mwanza na Shinyanga za wakati ule, ambazo ndani yake mlikuwa na maeneo yanayoitwa leo Geita na Simiyu.

Majina ya mawaziri tumewakaririsha watoto wetu. Bibi zetu tumewapa neno moja la magazetini: vikongwe. Mauaji ya vikongwe. Litazameni neno hilo kwa jicho la lugha. Ngeli yake ni ile ya ki- na vi-, ngeli ya vitu na ya kudunisha. Halisemi kwamba aliyeuawa ni mwanamke. Halisemi kwamba ni mama wa mtu, mkwe wa mtu, mkulima mwenye shamba la watu kulitamani. Neno limemvua kila kitu, likamwachia uzee peke yake, kana kwamba uzee ndio uliomuua.

Moshi

Hapo nyuma nimesema kwamba mila ina tarehe. Mauaji haya nayo yana tarehe, ingawa tumezoea kusema kwamba Wasukuma wameishi hivyo tangu zamani. Imani ya uchawi ni ya zamani, sikatai. Lakini zamani mtuhumiwa alifikishwa kwa mtemi. Palikuwa na waganga wa kupiga ramli, palikuwa na kujitetea, na mara nyingi adhabu ilikuwa kufukuzwa katika himaya. Sheria ya Uchawi ya mkoloni, iliyotungwa kwanza mwaka 1922 na kuandikwa upya mwaka 1928, ilifanya hata kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Serikali ilidhani imezima moto; wananchi wengi waliona kwamba serikali inawakinga wachawi. Mwaka 1963 kiti cha mtemi nacho kikaondolewa. Kisha katika miaka ya 1974 na 1975 ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila mji na mifugo yake, wakakusanywa nyumba kwa nyumba. Jirani akawa anauona moshi wa jirani, anajua nani amevuna na nani amefiwa na mtoto. Tuhuma zikaongezeka, na mahali pa kuzipeleka hapakuwapo tena isipokuwa kwenye panga la usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walipoanza Shinyanga na Tabora kupambana na wezi wa mifugo, kazi waliyosifiwa hata wakatambuliwa kisheria mwaka 1989, orodha zao za waovu hazikuwa na wezi tu. Akina mama wazee nao walitajwa, wakatengwa, na wengine wakafukuzwa.

Alama ya mchawi ilikuwa macho mekundu. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu historia nzima ya jambo hili imo ndani ya jiko.

Shinyanga haikuwa nchi kavu isiyo na miti kama tulivyoikuta sisi. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kufyeka vichaka ili kuwaondoa mbung'o. Shinyanga ndiko kulikokuwa na kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Swynnerton. Baadaye ikaja pamba, na mashamba yakala msitu uliobaki. Kuni zilipoadimika wanawake walipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mzito na huchoma. Mwanamume hakuukuta, kwa kuwa jikoni si mahali pake. Hilo nalo liliitwa mila. Mwanamke aliupokea machoni asubuhi na jioni kwa miaka arobaini au hamsini. Alipofikia uzee, macho yakiwa yamewaka kwa moshi na maradhi yasiyotibiwa, kazi aliyoamriwa na jamii ikageuzwa ushahidi dhidi yake. Aliwapikia watu, nao wakamsoma machoni na kumwona mchawi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho ya namna hiyo. Kila nilipofunga shule aliniagiza dawa ya macho kutoka mjini. Nilimwambia siku moja kwamba ile niliyoleta itatuliza maumivu. Akasema, "Maumivu nimeyazoea, mjukuu wangu. Nitafutie ya kuondoa wekundu." Alikufa kifo chake cha kawaida, namshukuru Mungu, lakini miaka yake ya mwisho hakuenda mnadani wala msibani, wala hakuketi nje jua likizama. Hakuna aliyemgusa. Hofu peke yake ilitosha kumfunga ndani.

Sasa rudini kwenye ile kanuni ya mjane. Mwanamke mzee anaishi kwenye shamba la marehemu mumewe. Halimiliki, ila yupo juu yake, na kadiri anavyoishi ndivyo anavyowachelewesha wanaolisubiri. Hana hati ya kumlinda. Ana watoto tu, kama wapo na kama wanamtunza. Waliochunguza mauaji haya wamekuta mara kwa mara kwamba nyuma ya ramli pamejificha mgogoro wa shamba. Sidai kwamba waliotunga kanuni zile waliwaza panga. Nasema tu kwamba ukimweka mtu mahali asipokuwa na fungu, unamweka mahali ambapo kuondolewa kwake kuna faida kwa mwingine.

Na kwa kuwa moshi ulikuwa na historia, dawa yake pia ilipatikana katika historia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, ile desturi ya Kisukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Miti ikarudi, na kuni zikasogea karibu na nyumba. Ngitili ni mila, tena ya kujivunia. Kumbe tunajua kuchagua: iliyotufaa tuliifufua baada ya kufa.

Kwenye mwalo

Wanawake waliokosa fungu walikwenda wapi? Wengi walifuata dhahabu. Nilimwona shemeji tena mwaka 2003, nilipotumwa Geita kusimamia mitihani. Alikuwa kwenye mwalo, mahali pa kuchenjulia, akiponda mawe kwa nyundo kati ya wanawake wenzake, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Tukasalimiana, akanikaribisha uji.

Nilimuuliza kwa nini asishuke duarani ambako malipo ni mazuri zaidi. Akacheka. Mwanamke hashuki duarani, alisema. Akikaribia, hasa akiwa katika siku zake, dhahabu hukimbia. Hiyo ni mila ya machimbo. Imani hiyo utaikuta Geita, Kahama na kwingineko katika ukanda wote wa dhahabu.

Njiani nikirudi nilijisemea: mila ya machimbo! Wajerumani waliitambua dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi ulichimbwa tangu miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo walijaa Bulyanhulu katika robo ya mwisho ya karne, hata wakaondolewa mwaka 1996 kumpisha mwekezaji, na mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000. Duara lile lilikuwa na umri mdogo kuliko suruali yangu ya harusi, nalo tayari lilikuwa na mila. Tena mila ile ilikuwa imekwisha kujua nani wa kumzuia: mwanamke aponde mawe, achote maji, ashike zebaki kwa mikono mitupu, awapikie wachimbaji, achekeche marudio yaliyokwisha chekechwa, lakini kwenye mwamba wenyewe, anapopatikana mwenye mali, asifike. Sikuwahi kuona kwa uwazi namna hiyo jinsi mila inavyozaliwa. Haihitaji mababu. Inahitaji mali ya kugombania na mtu wa kuzuiwa.

Wanawake hawakukaa kimya. Mwaka 1997 kiliundwa Chama cha Wanawake Wachimbaji Madini Tanzania, TAWOMA, na leo wapo wanawake wenye leseni na maduara yao. Dhahabu haikukimbia.

Kabla hatujaagana shemeji aliniuliza, "Mwalimu, lile daftari bado unalo?" Nikasema ninalo. "Uliandika jina langu?" Nilimjibu kwamba bila shaka nililiandika. Nilipofika nyumbani nikalifungua. Majina ya wazee kumi na mmoja yamo, na la kijana limo. Hata ng'ombe dume wameandikwa kwa rangi zao. Yeye ameandikwa "mke wa marehemu".

Wajane wawili mbele ya sheria

Wapo waliofanya kile ambacho mimi sikukifanya. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mwanamke mzee wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo alilolirithi kwa baba yake. Ukoo ulidai kwamba mwanamke hana haki ya kuuza. Jaji akasema kwamba kanuni hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na mauzo yakabaki halali. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi.

Lakini urithi ulibaki katika karatasi ya 1963. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliotolewa katika nyumba za waume zao wakiwa na watoto wadogo, walifungua shauri Mahakama Kuu kuzipinga kanuni zile. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba kanuni ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta kwa kuwa haikuona sawa kubadili mila kwa tamko la mahakama. Rufaa yao ilitupwa Desemba 2010 kwa sababu ya kasoro ya hati. Wakavuka mipaka, wakaipeleka kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Machi 2015 Kamati ikasema kwamba haki zao zimevunjwa, ikaitaka Tanzania iwafidie na izirekebishe sheria hizo.

Naitafakari ile hofu ya Mahakama kwa heshima, nami si mwanasheria. Ingekuwa nyepesi kuielewa kama tungekuwa tunazungumzia jambo lisilo na mwanzo. Lakini kanuni hizo zilitangazwa kwa kalamu, zikapewa namba, zikatiwa saini. Sheria ya nchi inaruhusu halmashauri ya wilaya kupendekeza marekebisho ya sheria ya mila ya eneo lake. Madiwani wa Shinyanga, Kahama na Geita wana kalamu, na safari hii miongoni mwao wamo wanawake.

Kwa walimu wenzangu walio bado darasani nina ombi moja. Mkifundisha methali hii, msiifute. Ina ukweli wake, na taifa lisilojua lilikotoka ni taifa la kukokotwa. Ila mwanafunzi akiinua mkono kuuliza mila ipi, ya mwaka gani, na walioulizwa walikuwa akina nani, msiisubiri kengele.

Lile daftari sikulichoma. Nimeandika ndani yake, kwa wino mwingine na kwa tarehe ya siku niliyoandika, jina la shemeji kwa ukamilifu, na chini yake nimeandika kwamba katibu wa kikao aliijua sheria akanyamaza. Kijana wake sasa ni mtu mzima, nimempa nakala.

Mimi si malenga, lakini ukurasa wa washairi hauagwi bila ubeti:

Mila nayo ina siku, siku iliyozaliwa,
Haikushuka usiku, mbinguni ikatolewa,
Tusiikumbate huku, wajane wakionewa,
Iliyoandikwa jana, leo yaweza kufutwa.